Kabla ya pombe, kimea

Mama mkubwa aliingiza mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko, akatulia kama anayesikiliza, kisha akautoa na kunipa kiganja ninuse.

"Unasikia nini?"

Nikamwambia nasikia harufu ya majani mabichi, kama nyasi zilizofyekwa asubuhi, na kwa mbali kitu kama tango.

"Basi kimea ni kizima. Siku ukisikia harufu ya kabati lililofungwa masika yote, mwaga. Usimpe hata kuku."

Hapo ni Kibosho, kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, nyuma ya jiko lake, chini ya migomba. Nilikuwa nimepanda kutoka Dar es Salaam nikajifunze kupika mbege, pombe ya Wachagga ya ndizi na ulezi. Nilibeba daftari, kipimajoto cha jikoni, na swali nililoliona kubwa kuliko yote: pombe inachemshwa kwa saa ngapi? Mama mkubwa hakulijibu siku ile wala kesho yake. Siku za kwanza zote hatukuwasha moto wa pombe hata mara moja. Tulishughulika na ulezi tu.

Nimeshapika mara nyingi tangu hapo, nyingine zikaharibika, nyingine watu wakaomba waongezewe. Ninaandika haya kwa mtu ambaye hajawahi kupika pombe maishani mwake na anatamani kuanza nyumbani. Wengi wanaoniuliza huanza na vyombo: ndoo ya aina gani, mfuniko gani, hamira inauzwa wapi. Mimi pia nilianzia huko, na nilipoteza ulezi mwingi na gesi nyingi kabla ya kuelewa kwamba pombe ya nafaka huharibikia kwenye kimea, siku kadhaa kabla kiberiti hakijawashwa. Kimea kikiwa kizuri, makosa mengine mengi yanasameheka. Kikiwa kibovu, hakuna ujuzi wa jikoni utakaokuokoa.

Kwa nini mbege, na siyo bia kama ile ya chupa? Kwa sababu bia ya chupa inadai kimea cha shayiri na maua ya hopsi, na vitu hivyo huvipati sokoni Tandika wala Mbuyuni. Shayiri inalimwa kaskazini mwa Tanzania, lakini inakwenda viwandani. Ulezi na ndizi mbivu vipo kila soko. Na zaidi ya hapo, anayejifunza mbege anapata walimu. Uchagani kuna akina mama waliopika maisha yao yote, na kosa lolote utakalolifanya wewe, wao walishaliona.

Nieleze kwanza kimea ni nini hasa, maana nilikuwa nalitamka neno hili miaka mingi bila kulielewa.

Punje ya ulezi ni ghala la wanga. Chachu, yaani wale viumbe wadogo wanaogeuza utamu kuwa kileo, hawali wanga. Wanakula sukari. Ukichukua unga wa ulezi wa kawaida, ukaukoroga na maji na kuwatilia chachu, watakaa na njaa katikati ya chakula. Lakini punje ikilowa na kuanza kuota, mche mchanga ulio ndani nao unahitaji sukari ili ukue, kwa hiyo punje yenyewe hutengeneza vimeng'enya vya kuukata wanga vipande vipande. Kimojawapo kinaitwa amilesi. Mpika pombe anakuja katikati ya safari hiyo. Anaiacha punje iote mpaka vimeng'enya viwe tele, kisha anaianika ikauke kabla mche haujala ghala lote. Punje hiyo iliyoota na kukauka ndiyo kimea. Unga wake umebeba wanga pamoja na visu vya kuukatia.

Sasa kazi yenyewe. Kabla hujanunua ulezi mwingi, nunua kidogo. Hesabu punje mia moja, zifunge kwenye kitambaa kilicholowa, ziache siku mbili mahali penye kivuli. Ukifungua ukakuta zilizoota hazifiki tisini, badilisha muuzaji. Ulezi una sifa ya kukaa ghalani miaka bila kuliwa na wadudu, ndiyo maana wazee waliuheshimu, lakini kutoliwa na wadudu na kuwa hai ni mambo mawili.

Ulezi wa sokoni huja na mchanga. Kilo moja ina punje kama laki nne, na chembe ya mchanga katikati yake huioni kwa macho. Utaisikia kwenye meno ya mgeni wako. Mama mkubwa huutia ulezi kwenye beseni la maji, anaukoroga kwa mkono, na kabla haujatulia anaumimina kwa haraka kwenye beseni la pili. Mchanga ni mzito, unabaki chini. Anarudia mara nne, tano. Makapi yanayoelea anayaondoa. "Usiyaonee maji huruma," aliniambia nilipotaka kuacha mara ya tatu.

Ukishaosha, loweka usiku kucha. Asubuhi badilisha maji, na kufikia jioni uchuje. Tandaza ulezi uliolowa juu ya gunia safi, unene wa vidole viwili, ufunike kwa majani ya mgomba au gunia jingine lenye unyevu. Nyunyizia maji asubuhi na jioni, na kila unaponyunyizia ugeuze, wa chini uje juu. Hapa ndipo mkono wa mama mkubwa ulipoingia kwenye gunia. Mbegu inayoota inapumua, na inapopumua inatoa joto. Lundo likiwa nene, katikati panachemka, mizizi inakufa na ukungu unapata makao. Kibosho kuna baridi, hivyo yeye huongeza majani. Dar es Salaam nililazimika kutandaza kwa unene wa kidole kimoja na kugeuza mara tatu kwa siku.

Siku ya tatu au ya nne utakuta vizizi vyeupe vimeshikana kama mkeka, unaweza kuunyanyua upande mmoja wote ukaja. Vunjavunja kwa vidole, anika juani siku mbili mpaka punje ikiumwa na meno ilie. Sugua kwa viganja vizizi vitoke, peta kwa ungo, peleka mashine wakakusagie unga usio laini sana. Ukiotesha kwa muda mfupi mno, vimeng'enya havijatosha. Ukiotesha mno, mche umekula wanga na wewe unabaki na maganda. Katikati ya hapo pana siku moja hivi ya kufaa, na kuijua siku hiyo kunatokana na kutazama na kunusa kuliko kuhesabu.

Kama huna ulezi ukatumia mtama, lipo jambo moja zito. Mche wa mtama hubeba kemikali inayozalisha sayanidi, sumu ileile inayosemwa kwenye mihogo michungu. Vizizi na machipukizi yote lazima yaondolewe baada ya kukauka. Mimi kwa anayeanza nashauri abaki na ulezi.

Nisimame kidogo kwenye ukungu na uozo wa nafaka, kwa sababu hapa sina utani. Januari 2015, katika kijiji cha Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji kwenye maziko. Mwanzoni minong'ono ilikuwa kwamba mtu ametia nyongo ya mamba. Wachunguzi walipopima, wakaikuta asidi ya bongkreki, sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, naye alikuwa ameota kwenye unga wa mahindi ulioharibika uliotumika kupikia. Sumu hiyo haifi kwa moto. Mama aliyeipika ile pombe naye alikufa, na mtu anayekunywa alichokipika mwenyewe hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na unga mbovu. Kila ninapoona doa la kijani au jeusi kwenye kimea changu, au nikasikia ile harufu ya kabati, namwaga gunia zima, na siwazi bei yake. Kuchemsha hakusafishi nafaka iliyooza.

Niliporudi Dar es Salaam nilidhani nimeiva. Mara ya kwanza niliona kuotesha ulezi kwenye ua wa nyumba ya kupanga ni usumbufu, nikanunua unga wa ulezi wa uji dukani. Ule ni ulezi uliosagwa bila kuoteshwa. Nilipika, nikachanganya, nikasubiri. Nilipata uji wa ndizi wenye uchachu, mzito, wenye pombe hafifu. Mara ya pili nikaotesha vizuri kabisa, lakini ilikuwa Aprili, mvua za masika hazikatiki, jua halionekani. Nikakikausha kimea kwenye kikaango juu ya moto. Nyumba nzima ilinukia kama karanga, nikafurahi. Kumbe nilikuwa nimekiua. Vimeng'enya ni protini, kama yai. Yai likishaiva halirudi kuwa bichi, na kimea kilichokaangwa hakikati tena wanga wowote, hata kikinukia namna gani. Mvua ikikushika, tandaza kimea chembamba chumbani, washa feni, geuza mara kwa mara. Kitachukua siku tatu au nne lakini kitakuwa hai.

Nilipompigia simu mama mkubwa, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ulikijaribu kwenye uji?"

Sikuwa najua kwamba kuna kukijaribu. Nakuandikia jaribio hilo lote, maana linaweza kukuokolea ndizi zako. Pika uji mzito wa mahindi, kikombe kimoja, mzito kiasi kwamba kijiko kinasimama. Uache upoe mpaka ukichovya kidole uweze kuvumilia kwa muda wa kupepesa kope tu, kwa kipimajoto ni nyuzi 60 hadi 65. Tia kijiko kimoja cha chakula cha unga wa kimea, koroga, funika. Kimea kikiwa hai, ndani ya dakika kumi uji utalegea mbele ya macho yako, utamiminika kama maziwa. Baada ya nusu saa uonje. Utakuwa mtamu, na sukari hujatia. Ukibaki mzito kama ulivyokuwa, kimea hicho kimekufa, tafuta kingine.

Watu wa kusini mwa Tanzania wanalijua hili tangu utotoni, ndiyo togwa yao. Wataalamu wa lishe nao waliwahi kukihimiza kimea kwa ajili ya uji wa watoto wadogo. Uji wa mtoto ukiwa mwepesi unamshibisha maji, ukiwa mzito hawezi kuumeza. Kijiko cha kimea kinaulegeza uji mzito ukamezeka huku unga ukiwa umo wote. Kwa hiyo msomaji usiyekunywa kileo, na mnajulikana mlivyo wengi, mpaka hapa somo ni lako pia. Pika togwa, inywe siku hiyohiyo ingali tamu. Ukiiacha siku mbili tatu kwenye joto itaanza kuchachuka yenyewe.

Ndizi nitazieleza kwa haraka zaidi, maana ndizi ni mpole. Chukua zilizoiva sana, ganda limeanza madoa meusi, lakini hazijavuja wala kuvuta nzi. Ndizi za mchare ziache kwa ajili ya mtori. Mimi Dar es Salaam hutumia ndizi kisukari zikiwa nyingi sokoni, au zozote mbivu nitakazozikuta kwa bei nzuri. Kwa kuanzia, zitoshe kilo 4 baada ya kumenya. Zitie kwenye sufuria na lita 8 za maji, chemsha polepole kwa muda mrefu. Mama mkubwa huziweka motoni asubuhi na kuziipua alasiri, wakati supu yake imeshageuka nyekundu kama chai iliyokolea. Mimi kwa gesi huzichemsha kwa muda wa saa tatu tu, nikiongeza maji yanapopungua. Rangi haifikii yake, na ladha nayo ninaikiri, haifikii.

Zikipoa kabisa zinahamia kwenye ndoo safi yenye mfuniko usiobana, au inayofungwa kwa kitambaa. Hapo zinaachwa zichachuke, na wapika mbege huuita mchanganyiko huo nyangi. Kibosho inachukua karibu juma zima. Dar es Salaam siku ya tatu tayari povu limepanda, na ukiweka sikio juu ya ndoo unasikia mlio kama mvua ya mbali kwenye mabati.

Lakini povu linatoka wapi, ikiwa chachu haikununuliwa? Swali hili lilinisumbua kwa sababu kuna ndoo yangu moja ambayo haikutoa povu lolote. Ilikaa siku tatu imenyamaza, ikaota utando, ikanuka. Mama mkubwa ana pipa moja la mbege ambalo halijui sabuni. Analisuuza kwa maji ya moto, analianika, basi. Kwenye mbao zake wamo chachu wa pombe iliyopita na iliyoitangulia, wazaliwa wa pipa hilo. Mimi nilikuwa na ndoo mpya ya plastiki niliyoisugua kwa dawa ya kuulia vijidudu, na ndizi nilizozichemsha mpaka kila kitu ndani yake kikafa. Nilikuwa nimeandaa karamu bila wageni. Mwaka 1516 huko Bavaria ilitungwa sheria kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji. Chachu hawakutajwa, kwa kuwa hakuna aliyewajua. Ilipita zaidi ya karne tatu ndipo Louis Pasteur akaonyesha kwamba ni viumbe hai wanaofanya kazi hiyo. Akina mama wa mlimani hawakuhitaji jina lao ili kuwatunza. Walijua tu kwamba pipa la pombe halisuguliwi, na kwamba anayeanza na chombo kipya huomba machicha kwa jirani.

Kwa hiyo ombeni machicha. Kikombe kimoja cha masimbi yaliyotuama chini ya mbege nzuri ya jana kinatosha ndoo ya lita 20. Kama huna jirani mpikaji, punje kidogo za hamira ya mkate, nusu kijiko cha chai, zitakusogeza. Ni jamii ileile ya chachu. Pombe itakuwa na harufu ya mkate mwanzoni, na kadiri utakavyohamisha machicha yako mwenyewe kutoka upishi hadi upishi, harufu hiyo itabadilika ikawa ya nyumba yako. Hilo limenitokea, na nilipoligundua nilikaa kitako jikoni nikanusa kikombe kwa muda mrefu.

Nyangi ikishachachuka inachujwa. Wazee walitumia nyasi, mimi hutumia kitambaa cha pamba kilichochemshwa. Kamua kwa mikono safi.

Siku hiyohiyo unapika mso, yaani uji wa kimea, na hapa kimea kinarudi kudai haki yake. Kosa la kawaida ni kuchemsha maji kwanza kisha kumimina unga, kama unavyosonga ugali. Ukifanya hivyo umeviua vimeng'enya kabla havijaanza kazi. Koroga kilo moja ya unga wa kimea kwenye lita 4 za maji ya uvuguvugu, weka moto mdogo sana, na usiache kukoroga. Utaona uji unaanza kuwa mzito, mkono unaanza kuchoka, halafu ghafla unalegea. Hapo ndipo penyewe. Punguza moto au ipua kabisa, funika kwa blanketi nusu saa. Joto linalotakiwa ni lile la nyuzi sitini na kitu, nililolitaja kwenye jaribio la uji. Onja. Ukishakuwa mtamu, rudisha motoni, uchemke vizuri dakika ishirini, kisha uache upoe mpaka uwe vuguvugu kama maziwa ya chupa ya mtoto. Ukiuchanganya na maji ya ndizi ungali wa moto, utawaunguza chachu uliowalea siku zote zile.

Mama mkubwa hana kipimajoto. Nilipochovya changu kwenye sufuria yake wakati alipoipua, kilisoma 64. Nilimwonyesha. Aliangalia tarakimu, akaangalia sufuria, akasema, "Sawa," akaendelea kufunika.

Changanya jioni. Kwa Dar es Salaam asubuhi inayofuata mbege iko tayari: nzito kidogo, rangi ya udongo, povu juu, tamu na chachu kwa pamoja. Kwa mlimani inaweza kungoja mpaka mchana. Nguvu yake inakadirika kwa hesabu ndogo. Ndizi mbivu kilo 4 zina sukari kama gramu 700. Ukigawa kwa lita 12 za pombe unapata gramu 60 hivi kwa lita. Gramu 17 za sukari kwa lita, zikiliwa zote na chachu, hutoa takriban asilimia 1 ya kileo, kwa hiyo ndizi zinakupa kama asilimia 3 na nusu, na kimea kinaongeza kidogo. Inakaribiana na bia nyepesi ya dukani. Kwa kuwa ni tamu na inashibisha, mgeni asiyeizoea huidhania uji, akainuka akakuta miguu haimtii. Mwambie mapema, na anayeendesha mnyime.

Uionje kila baada ya saa chache, ujifunze inavyosafiri. Alfajiri utamu unatawala, mchana umesawazika, jioni uchachu umepanda, kesho kutwa ni siki. Mbege haitunziki. Hilo watu wa bia ya chupa huliona ni udhaifu, mimi naliona ndilo lililoifanya iwe pombe ya kukaa pamoja. Huwezi kuificha kabatini uinywe peke yako mwezi mzima. Ikiiva, lazima uite watu leo.

Kuhusu msesewa. Huu ni mti ambao magome yake hutiwa kwenye mbege kuipa uchungu, kama hopsi kwenye bia. Kwa jina la kitaalamu ni Rauvolfia caffra, wa jamii ya miti iliyotoa reserpini, dawa ya kushusha shinikizo la damu. Kwa sababu hiyo anayeanza asiuguse peke yake. Kipimo chake kiko mkononi mwa aliyefundishwa, na mgeni wako anayemeza vidonge vya presha hatakwambia kila mara. Mbege bila msesewa inakuwa tamu zaidi, na haina kasoro.

Ninajuta jambo moja ambalo lingeweza kuumiza mtu. Safari ya pili nilipokuwa narudi kutoka Moshi, nilibeba dumu la lita 5 la mbege, nikalijaza mpaka shingoni, nikakaza mfuniko kwa nguvu zangu zote nikidhani naizuia isimwagike. Barabara ni zaidi ya kilomita 500, na kadiri unavyoteremka joto linapanda. Tulipokaribia Korogwe dumu lilipasuka chini ya kiti. Mbege ikaruka mpaka kwenye vitambaa vya dirisha na kwenye begi la mama mmoja aliyekuwa amelala. Niliomba radhi, nikamlipa za kufulia, na njia nzima iliyobaki sikuweza kumtazama usoni. Chachu wanapotengeneza kileo wanatengeneza pia gesi ya kaboni dayoksaidi, uzito karibu sawa na wa kileo chenyewe. Robo ya sukari tu ikiwa bado haijaliwa, dumu la lita 5 lina gesi ya kujaza ndoo ya lita 20 inayotafuta pa kutokea. Lilikuwa la plastiki, namshukuru Mungu. Chupa ya kioo ingetawanya vipande. Pombe inayochachuka usiifungie kamwe kwenye kioo, na kama ni dumu, liache robo tupu na mfuniko ulegee.

Kupika kwa ajili ya kunywa na wageni wako ni jambo moja, kuuza ni jingine. Ukitaka kuuza pombe ya kienyeji Tanzania unahitaji leseni, kaulize halmashauri yako. Kuichemsha pombe na kukinga mvuke wake upate gongo bila kibali ni kosa la jinai, na silifundishi. Watu huniuliza kwa hofu kuhusu methanoli, kileo chenye sumu, kwenye mbege. Mbege iliyochachuka tu, isiyokingwa mvuke, haina methanoli ya kufikia kudhuru. Vifo vya methanoli unavyovisikia mara nyingi hutokana na spiriti ya viwandani kutiwa kwenye pombe kali. Ya kuogopa kwetu ni ile nafaka iliyooza niliyoieleza, na vyombo vichafu.

Desemba iliyofuata nilipanda Kibosho na kilo 2 za kimea changu mwenyewe, kilichooteshwa na kuanikwa Dar es Salaam. Mama mkubwa aliniachia jiko, akakaa kwenye kigoda mlangoni akichambua maharage, hakunena neno siku zote hizo. Nilichemsha ndizi kwa kuni mpaka zikawa nyekundu. Nilipika mso bila kipimajoto. Pipa lake alinikubalia.

Asubuhi ya kunywa walikuja majirani watano na baba mdogo. Kwa mama mkubwa, mbege haimfikii mgeni kabla mwenye nyumba hajaionja mbele ya macho ya watu, ili kila mmoja aone kwamba ni salama. Nilichota kwa kata, nikanywa mimi kwanza kwa kuwa ndimi niliyepika, kisha nikampa yeye kwa mikono miwili. Alikunywa polepole, mara mbili, akaitua kata magotini. Baba mdogo alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Ni nzuri," alisema mama mkubwa. "Lakini kimea ulikitoa mapema. Kingelala usiku mmoja zaidi."

Akampa kata baba mdogo.